Maji ya Meru na Shabu ya Nalgonda

Mwezi wa Oktoba, mwaka 2025, ilitimia miaka 30 tangu wataalamu wa maji, wa meno na wa mifupa walipokutana Ngurdoto, chini ya Mlima Meru, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya madhara ya floraidi na namna ya kuyatakasa maji. Na miaka hiyo ikatimia kimya kimya, pasi na ngoma wala hotuba, kana kwamba jambo lililojadiliwa pale lilikuwa la watu wa mbali. Ukilitaja jina la Ngurdoto mbele ya kijana wa Arusha siku hizi, atakutajia hoteli, au kreta yenye nyati ndani ya hifadhi. Hatakutajia ndoo mbili za plastiki na tanuri la kuchomea mifupa, ilhali hizo ndizo zilizolifikisha jina hilo katika sahifa za elimu ya dunia.

Wenyeji hawakuhitaji jarida kuwaambia kwamba maji yao yana neno. Mtu aliyekulia Maji ya Chai, Kitefu au Ngare Nanyuki aghalabu hutambulikana kwao pale anapocheka, kwa kuwa meno yake yamepata madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi, na wako mabinti waliojizoeza kuziba mdomo kwa kiganja kila wanapochekeshwa, hata mgeni akadhani ni haya ya malezi. Majina ya mahali nayo yamezidi kuwapoteza watu njia: Ngare Nanyuki kwa Kimaasai ni maji mekundu, na Maji ya Chai hayahitaji mfasiri, basi ikaenea dhana kwamba rangi ile ya mto ndiyo inayohamia kwenye meno. Sivyo. Floraidi haina rangi wala harufu, na kisima chenye maji maangavu kama kioo chaweza kuwa nayo nyingi kuliko mto wenye rangi ya chai. Wala haiondoki kwa kuchemsha. Bali maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, floraidi hubaki katika yale machache yaliyosalia, ikazidi kukolea.

Makala haya nayategemea maandiko mawili kuliko mengine, nami sioni haya kuyakiri. La kwanza ni kitabu cha huo mkutano wa Ngurdoto wa 1995. La pili ni makala yaliyotoka mwaka 1984 katika Journal of African Earth Sciences, yaliyoandikwa na J. T. Nanyaro pamoja na wenziwe, miongoni mwao U. Aswathanarayana, mwanajiolojia wa Bara Hindi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hao ndio walioeleza kwa utaratibu kwa nini mlima huu, uliotema majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na ambao maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka ukamwaga mawe na matope hadi hapo palipo leo maziwa ya Momella, hutoa maji ya namna hii: mawe yake yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na kwa kuwa ni kalsiamu ndiyo ambayo ingeikamata floraidi na kuishusha chini, maji hushuka mlimani nayo bila kizuizi. Katika mito walitaja miligramu 12 hadi 76 kwa lita. Katika chemchemi, 15 hadi 63. Na katika madimbwi na maziwa ya magadi, 60 hadi 690. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5.

Historia ya elimu hii kwingineko ni maarufu, na mstari mmoja watosha: matabibu wa meno wa Colorado, Marekani, waliyahangaikia madoa hayo kwa miaka mingi hata ilipofika 1931 ndipo floraidi ikatajwa kuwa chanzo. Ila miongoni mwa waliotangulia kutambua kwamba ugonjwa hauishii menoni, bali huingia katika mifupa ukaukakamaza uti wa mgongo, ni watu wa Bara Hindi, au tuseme matabibu waliokuwa huko zama za Waingereza. Maana mwaka 1937 Shortt na wenzake watatu walichapisha katika Indian Journal of Medical Research habari za wanavijiji wa jimbo la Madras ambao kwa kunywa maji ya visima vyao walikuwa wamekauka viungo. Jarida hilo lilikuwapo tangu 1913. Yafaa tukumbuke kwamba nchi ile, nayo ikiwa chini ya mkoloni kama sisi, ilikuwa imejijengea mahali pa kuandikia maradhi yake yenyewe, na daktari wa Madras hakulazimika kungoja idhini ya London ili ugonjwa wa mkulima wake ujulikane.

Kwetu mambo yalichelewa. Kenya iliandikiwa habari zake mwaka 1953 katika East African Medical Journal. Watu wa Meru, ambao miaka ile ile walikuwa na shughuli nyingine kubwa zaidi, kwani serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha Ngare Nanyuki mwaka 1951 na Kirilo Japhet akafunga safari hadi Umoja wa Mataifa kuwadaia haki yao, waliandikiwa zao mwaka 1964. Waandishi walikuwa Grech, bingwa wa eksirei, na Michael Latham, mzaliwa wa Kilosa aliyekuja kusifika kwa elimu ya lishe. Nao waliichapisha kazi yao London. Mwaka 1980 jarida la Marekani liitwalo Radiology likatoa picha za mifupa ya watoto wa Kitefu, miguu yao imepinda, mingine matege, mingine magoti yakigongana. Sina ugomvi na waandishi wale, walifanya kazi ya haki. Lakini mzazi wa Kitefu akitaka leo kuisoma habari ya miguu ya wanawe, ataikuta kwa Kiingereza, na mara nyingi nyuma ya mlango unaofunguliwa kwa dola.

Serikali, kwa upande wake, ilikabiliwa na hesabu isiyo na jibu zuri. Ingelishika kiwango cha kimataifa, ingelazimika kufunga visima vingi vya kaskazini ilhali haina vingine vya kuwapa watu. Basi mwaka 1974 ikaweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita, ambacho ni zaidi ya mara tano ya kile tunachokitaja leo, na baadaye kikateremshwa hadi 4. Neno “cha muda” lilikaa muda mrefu.

Wakati huo huo, katika wilaya ya Nalgonda, si mbali na mji wa Hyderabad, Wahindi walikuwa na msiba kama wetu, ijapokuwa mawe yao ni matale na yetu ni majivu ya volkano. Taasisi yao ya uhandisi wa mazingira iliyoko Nagpur ikabuni njia ambayo kwa wepesi wake bibi yeyote wa pwani angeielewa: shabu na chokaa. Nasema shabu kwa maana yake ya asili, yaani lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka penye jeraha la wembe na ambalo kwalo wazee waliyatuliza maji ya tope, wala si hiyo dawa ya kulevya iliyolinyang’anya neno hili heshima yake. Nawlakhe na wenzake waliitangaza njia hiyo mwaka 1975, ikaitwa kwa jina la wilaya. Shabu ikitiwa majini pamoja na chokaa, hufanya mabonge laini kama maziwa yaliyokatika, na mabonge hayo huishika floraidi na kuzama nayo.

Njia hiyo ilipofika Ngurdoto, katika kituo cha utafiti cha wizara ya maji ambako Watanzania walishirikiana na Wadenmaki, haikupokewa kama mgeni asiyegusika. Ilitengenezwa upya. Eli Dahi, Mtalo, Njau na Bregnhøj waliona kwamba mabonge yale yakiachwa chini ya ndoo huanza kuirudisha floraidi majini, hivyo mtu anayechota asubuhi maji mazuri aweza jioni kuchota mabaya katika ndoo ile ile. Ndipo wakaweka ndoo mbili za lita 20. Katika ya kwanza mama hutia shabu na chokaa kwa kipimo, akakoroga upesi dakika moja, kisha polepole dakika tano, akaacha maji yatue kwa saa moja. Halafu hufungua bomba dogo lililotobolewa juu kidogo ya kitako, maji yakapita katika kitambaa na kuingia ndoo ya pili, na tope likabaki peke yake. Ni jambo dogo kulitazama, na mtu mwenye kiburi cha mitambo angelidharau, ila ndilo lililowafanya watu wa Ngurdoto kwenda New Delhi mwaka 1996, katika mkutano wa maji, kuwasomea Wahindi makala juu ya njia ya Wahindi. Sikumbuki kusoma gazeti la kwetu lililoiandika habari hiyo.

Hata hivyo shabu ilikuwa na mshindani pale pale kituoni, na mabishano yao ndiyo yanayonipendeza kuliko habari nyingine yoyote katika taarikh hii. Mshindani alikuwa mfupa. Mifupa ya ng’ombe ikichomwa katika tanuri lisiloingiza hewa nyingi, ikasagwa chenga, hugeuka mkaa wenye uwezo wa kuinyonya floraidi maji yanapopita ndani yake. Uchomaji una siri yake: mfupa uliopungukiwa moto hubaki wa kahawia, na maji yake hunuka na kuwa na rangi, uliozidishiwa moto huwa mweupe, na uwezo wake hupotea, uliokadiriwa ni mweusi. Bara Hindi hawakuutaka mfupa, na sababu si ya kikemia, kwa maana ni Mhindu gani atakayemnywesha mwanawe maji yaliyopita katika mifupa ya ng’ombe? Na Mwislamu naye, popote alipo, atataka kujua kwanza kama mnyama alichinjwa au ni kibudu, na kama hapana nguruwe aliyechanganywa. Lakini Mmeru na Mwarusha ni watu wa ng’ombe. Kwao mfupa umejaa buchani na penye supu kila kona, ilhali shabu ni ya kununua, kila siku, kwa kipimo kisichotaka makosa, na ikizidi huacha ladha ya chumvi mdomoni.

Basi elimu moja, maradhi yale yale, na nchi mbili zikachagua njia mbili kwa ajili ya kile kilichomo jikoni na kile kilichomo moyoni. Mwaka 2003 Mjengera na Mkongo, wakiwa na ujuzi wa miaka mingi wa Ngurdoto, waliandika kwamba kwa hali ya Tanzania mkaa wa mifupa ndio unaofaa zaidi majumbani. Nami naona walisema kweli, ila mfupa una taksiri moja isiyo ndogo: unapochoka hausemi. Maji hupita katika chujio lililokwisha nguvu yakiwa maangavu na matamu vile vile, na mwenye nyumba, ambaye hana kipimo, huendelea kunywa kwa amani.

Mkutano wa Oktoba 1995 uliyajadili hayo yote wakati taifa likiwa katika kampeni za uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya vyama vingi kurejea, kura ikingojewa tarehe 29, na kaskazini yote ikivuma jina la Mrema, mgombea urais wa upinzani. Si ajabu kwamba ndoo hazikusikika.

Ya baadaye ni mengi kwa idadi na machache kwa kusimulia. Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kufundisha Tengeru mwaka 2011, na mwaka 2015 Askwar Hilonga wa hapo akapata tuzo ya kwanza ya Afrika ya chuo cha wahandisi cha Uingereza kwa chujio lake la maji. Jiji la Arusha likapata mradi wa maji wa shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Makala yanachapishwa kila mwaka.

Limebaki jambo la magadi, ambalo watafiti walijikwaa nalo bila kulitafuta. Waliona watoto wenye meno ya kahawia katika vijiji ambavyo maji yake hayana kosa, wakadhani kwanza huenda ni mwinuko wa mlima. Lakini Mabelya na wenzake walipochunguza chakula, mwaka 1997 wakaandika kwamba sababu ni magadi ya kulainishia maharage, makande na kisamvu. Juu ya magadi hakuna ndoo mbili wala tanuri.

Jumamosi moja nilikwenda soko la Tengeru kuyatazama. Yalikuwa katika mafungu juu ya gunia, vipande vya kijivu vyenye chembe zinazometa, na mama muuzaji, baada ya kunikaribisha na kuniuliza habari za nyumbani, akataka kujua kama nataka ya unga au ya mawe. Nikamwuliza kama amesikia habari za magadi na meno. Akasema amesikia, na kwamba bibi yake aliyapikia maisha yake yote; kisha akacheka, mkono ukiwa mdomoni. Nikanunua fungu la shilingi mia tano. Alilifunga katika ukurasa wa daftari la shule, lenye hesabu zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu, nami nikalipeleka nyumbani nikiwa na nia ya kulionyesha tu. Lakini mpishi wa nyumba yangu haulizwi, na jioni ile maharage yaliiva upesi.