Konsoli dhahania

Konsoli dhahania ni programu ya kompyuta inayofanana na mashine ya michezo ya video ya miaka ya 1980, ingawa mashine yenyewe haijawahi kutengenezwa kiwandani. Ndani yake kwa kawaida mna zana za kuandikia msimbo, kuchora picha, kupanga ramani na kutunga sauti. Mchezo uliokamilika huhifadhiwa kama faili dogo linaloitwa katriji.

Historia

Mtangulizi wake ni CHIP-8, lugha iliyobuniwa na Joseph Weisbecker katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kompyuta ndogo ya COSMAC VIP. Skrini yake ilikuwa na pikseli 64 kwa 32 tu. Konsoli dhahania zilipata umaarufu kupitia PICO-8 ya Joseph White, iliyotolewa mwaka 2015. Mwaka huohuo Maddy Thorson na Noel Berry waliitumia kutengeneza mchezo wa Celeste kwa siku nne. Toleo kubwa la mchezo huo lilitoka mwaka 2018.

Konsoli zinazotumika zaidi

* PICO-8: skrini ya pikseli 128 kwa 128, rangi 16, lugha ya Lua. Huuzwa takriban dola 15 za Marekani. Toleo lake la elimu hutumika bure kupitia kivinjari.
* TIC-80: ilianzishwa na Vadim Grigoruk. Skrini ya pikseli 240 kwa 136, rangi 16. Ni programu huria na hukubali Lua, JavaScript, Ruby, Python na nyinginezo.
* Pyxel: ya Takashi Kitao, tangu 2018. Ni programu huria kwa wanaotumia Python.
* WASM-4: ya Bruno Garcia, tangu 2021. Skrini ya pikseli 160 kwa 160, rangi 4. Hukubali lugha zinazoweza kugeuzwa kuwa WebAssembly, kama C na Rust.

Kuchagua

Katriji ya konsoli moja haifunguki katika nyingine, hivyo anayehama hulazimika kuandika mchezo wake upya. Mambo ya kuangalia ni bei, lugha ambayo mtu anaifahamu, na kama programu inafanya kazi bila intaneti. PICO-8 ina mifano mingi ya kujifunzia, kwa kuwa katriji nyingi zinazochapishwa huonyesha msimbo wake. Aliyefundishwa Python huanza kwa urahisi na Pyxel, lakini kwa kawaida huhitaji kwanza kuweka Python kwenye kompyuta yake.

Katika Afrika Mashariki, umeme na gharama huamua mengi. Lual Mayen, mtengenezaji wa michezo kutoka Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunza kwa kompyuta ambayo mama yake aliinunua baada ya kudunduliza kwa miaka mitatu. Ili kuichaji alitembea mwendo wa saa tatu.

Kwa kijana wa Kakonko, Kibondo au Kasulu anayetegemea kifurushi cha simu na hana kadi ya kulipia mtandaoni, TIC-80 ndiyo rahisi kuanza nayo: ni bure, ina ukubwa wa megabaiti chache, hufanya kazi kwenye kompyuta ya zamani, na ikishapakuliwa mara moja huweza kunakiliwa kwa flashi na kutumika bila intaneti.