Maktaba na Mtaa: Kaloleni na Makadara

Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 katikati ya Nairobi, lakini hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Kikwazo, basi, hakikuwa umbali peke yake. Hata mlango ulipofunguliwa, mkazi wa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, alikuwa bado na safari ya kwenda mjini kutafuta kitabu. Ndiyo maana umuhimu wa matawi ya Kaloleni na Makadara haupimwi kwa ukubwa wa majengo: yaliileta maktaba mtaani. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk lilipoafikiana na Kaunti kuyakarabati pamoja na McMillan, wakazi walishirikishwa, na matawi yakabaki pale pale, mahali ambapo mtoto hufika kwa miguu.