NDEGE YA WANAFUNZI 81: SIKU YA KWANZA MAREKANI, DENI LA KIJIJI MFUKONI

Siku hizi kijana akipata nafasi ya kusoma nje, picha inapigwa uwanja wa ndege, begi pembeni, na kabla hajakaa kwenye kiti tayari imezunguka magrupu yote ya WhatsApp. Akitua tu anapiga video: "Mama, nimefika!" Wote roho kwatu.

Sasa hebu rudi nyuma mpaka Septemba 1959. Hakuna simu ya mkononi. Kenya bado ni koloni la Mwingereza, tena iko chini ya ile hali ya hatari iliyotangazwa 1952. Wanafunzi 81 wanapanda ndege ya kukodi Nairobi. Kwa karibu wote ni mara ya kwanza kupanda ndege. Tarehe 9 Septemba wakatua New York.

Kwanza ujue kwa nini walienda mbali hivyo. Enzi hizo mwenye kutaka digrii Afrika Mashariki alikuwa na mlango mmoja tu, Makerere, na nafasi zilikuwa za kuhesabu. Waingereza walipeleka kwao wachache sana. Na digrii ya Marekani? Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliibeza, eti haina uzito. Lakini uhuru ulikuwa unanukia, na nchi ingehitaji watu wa kukalia ofisi zile. Wangetoka wapi?

Hapo ndipo akaingia Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi, kijana wa miaka 28 tu. Cha kushangaza, yeye mwenyewe hakuwa na digrii. Alikuwa amesoma mwaka mmoja pale Ruskin College, Oxford, basi. Mwanzoni mwa 1959 akazunguka Marekani akihutubia na kuomba nafasi vyuoni. Nafasi zikapatikana. Tatizo likawa nauli.

Wapenda burudani, hapa ndo penu. Barua ya kuomba michango ya ile ndege ilisainiwa na mastaa watatu: Harry Belafonte mwanamuziki, Sidney Poitier wa sinema, na Jackie Robinson, mtu mweusi aliyevunja ubaguzi kwenye ligi kuu ya besiboli mwaka 1947. Wamarekani wa kawaida wakachanga. Na nyumbani nako hawakukaa bure. Kukafanyika karamu za chai za kuchangisha, ng'ombe wakauzwa, vijiji vikatoa kidogo kidogo.

Kwa hiyo yule aliyeshuka kwenye ngazi za ndege New York hakushuka peke yake. Nyuma yake kulikuwa na mjomba aliyeuza fahali, mama aliyetoa hela ya mayai, na majirani ambao watoto wao hawakupata nafasi. Akifeli, anarudi kuwaambia nini? Hiyo presha si mchezo.

Mwaka uliofuata, 1960, zikaja ndege zaidi, safari hii na vijana wa nchi jirani pia, Tanganyika ikiwemo. Hela kubwa ilitoka kwenye mfuko wa familia ya Kennedy, dola 100,000. Watu wengi huchanganya hapa na kusema Kennedy ndiye aliyemlipia nauli baba wa yule rais wa 44 wa Marekani. Sio kweli. Huyo alikwenda Hawaii mwaka 1959, kabla hela ya Kennedy haijatoka, na wala hakupanda ile ndege ya watu 81.

Kwenye kundi la 1960 alikuwemo binti mmoja wa Nyeri. Amesoma kwa masista, sasa anaenda chuo cha masista Kansas. New York ikamtoa macho kwa yale maghorofa. Kisha yeye na wenzake wakapanda basi kuelekea Kansas, safari ya siku mbili hivi. Njiani, jimbo la Indiana, wakaingia mgahawani kununua soda. Wakaambiwa kununua ruksa, ila wakanywee nje. Weusi hawakai ndani.

Fikiria hilo. Umetoka kwenu ambako Mzungu ana hoteli zake na wewe una za kwako, umevuka bahari ukijua unaenda nchi ya uhuru, halafu unakuta mlango ni ule ule. Na Indiana si kusini, ni kaskazini, kule kulikosifiwa kuwa afadhali. Ndo unaelewa kwa nini mtu kama Robinson alitoa jina lake kwa ajili ya vijana asiowajua. Yeye milango hiyo aliijua kabla yao.

Yule binti hakugeuza basi. Alimaliza digrii ya kwanza 1964, akasoma ya pili Pittsburgh, akarudi nyumbani, akaanza kupanda miti na kugombana na wakubwa. Mwaka 2004 akapewa Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika. Jina lake mnalijua.

Lakini mpaka 1963 mpango ule ulikuwa umepeleka karibu wanafunzi 800. Wengi hamtawasikia popote. Walirudi wakawa walimu, wahadhiri, maofisa wa serikali mpya, wazazi wa watu. Mboya mwenyewe alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38.

Waliobaki sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Kama kwenu kuna babu au bibi aliyeondoka miaka ile, usimuulize digrii. Muulize usiku wa kwanza alilala wapi, alikula nini, na ile barua ya kwanza kwa mama yake aliandika nini. Na nini hakukiandika.