Kauli: nani amekaa kwenye kiima?

Kufuli la ghala limekutwa chini asubuhi. Mlinzi anaweza kutoa taarifa kwa namna tatu: "Mtu amevunja kufuli", "Kufuli limevunjwa", au "Kufuli limevunjika". Tukio ni moja na mzizi wa kitenzi ni mmoja, lakini mpelelezi akisikia sentensi ya pili ataanza kumsaka mtu, na akisikia ya tatu huenda akaanza kulikagua kufuli lenyewe, kama halikuwa limeliwa na kutu. Tofauti hiyo ndiyo inayoitwa kauli: uhusiano kati ya kitenzi na washiriki wa tendo, na hasa ni nani kati yao anayepewa nafasi ya kiima.

Hapa kuna vitu viwili ambavyo huchanganywa sana darasani. Kiima ni nafasi katika sentensi, ile inayotawala kiambishi cha mwanzo cha kitenzi. Mtenda ni mhusika katika tukio, yule anayefanya. Katika kauli ya kutenda viwili hivi hukutana kwa mtu mmoja. Kauli ya kutendwa huviachanisha: kufuli linakaa kwenye kiima, mwizi anasogezwa pembeni, na akitajwa analetwa kwa "na": limevunjwa na mwizi. Kifaa chake hakiletwi kwa "na" bali kwa "kwa": limevunjwa kwa nyundo. Kauli ya kutendeka inakwenda mbali zaidi, inamwondoa mtenda kabisa. Ndiyo maana "limevunjika na mwizi" haisemeki, wala "limevunjika kwa makusudi", kwa kuwa hapo hayupo wa kukusudia.

Fikra hii ni ya kale. Sarufi ya Kigiriki inayonasibishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 KK, inataja hali tatu za kitenzi chini ya jina diathesis, yaani mkao au mpangilio: kutenda, kutendwa, na hali ya katikati. Mfano wake wa kutenda ni typto, "napiga", na wa kutendwa ni typtomai, "napigwa". Hiyo ya katikati inaonekana vizuri katika kitenzi kingine: louo maana yake "naosha" kitu au mtu, na louomai ni "naoga". Mwenye kuoga ndiye anayetenda na ndiye anayefikiwa na tendo. Wanasarufi wa Sanskrit, akiwemo Panini, walikuwa na jozi inayokaribiana na hiyo: parasmaipada, "neno kwa ajili ya mwingine", na atmanepada, "neno kwa ajili ya nafsi". Kasisi anayetoa kafara kwa niaba ya mtu husemewa yajati. Mwenye kafara yake, anayetaraji thawabu yake, husemewa yajate. Waarabu nao waliigawa mada kwa kigezo cha kujulikana: kataba, "aliandika", kimejengwa kwa mtenda aliye maalumu, kutiba, "kiliandikwa", kimejengwa kwa mtenda asiyejulikana.

Neno letu kauli asili yake ni Kiarabu, qawl, "usemi". Lakini, kama tulivyoona, wanasarufi wa Kiarabu hawakulitumia kwa jambo hili. Kiswahili kilikuwa nalo tayari kwa maana ya tamko, kama tunaposema kauli ya serikali au kauli chafu, kisha sarufi ikalipa kazi ya pili. Kazi hiyo ya pili nayo imepanuka. Kitabu cha shule, Kenya au Tanzania, kitampa mwanafunzi orodha ndefu: kutenda, kutendea, kutendwa, kutendewa, kutendeka, kutendesha, kutendana, kutendua na nyinginezo. Zote zinaitwa kauli, na mtihani unataka sentensi ihamishwe kutoka moja hadi nyingine.

Tukishika ufafanuzi wa kiima, orodha hiyo inagawanyika. Katika "Asha anapika wali" na "Asha anawapikia watoto wali", Asha hajatoka kwenye kiima. Kilichobadilika ni kwamba washiriki wameongezeka: wameingia watoto, ambao vitabu vya Kenya huwaita shamirisho kitondo. Katika "Mama anampikisha Asha wali" ameongezwa mwenye kuamuru. Kutendea na kutendesha, basi, hubadili idadi ya washiriki. Kutendwa na kutendeka hubadili nani anakaa wapi.

Hata hivyo, makundi haya mawili hufanya kazi bega kwa bega, na hakuna kitenzi kinachoonyesha hilo kama "fiwa". Kufa hakuna shamirisho. Mtu anakufa, basi. Kwa kuwa hakuna wa kupandishwa, "fa" peke yake haina njia ya kumweka mtu mwingine kwenye kiima. Kutendea kunampatia nafasi yule anayeguswa na kifo hicho: "baba yake amemfia". Sasa kutendwa kunaweza kufanya kazi yake: "amefiwa na baba yake". Aliyebaki hai ndiye kiima, na marehemu, ambaye hakufanya lolote kwa kutaka, yuko mahali pa mtenda baada ya "na". Kwa njia hiyohiyo tunanyeshewa na mvua, tunaishiwa na pesa, tunapotelewa na watoto sokoni.

Lugha za Kibantu zenyewe hazilingani katika hili. Kwa Kiswahili "watoto walipikiwa wali" ni sawa, lakini "wali ulipikiwa watoto" masikio ya wengi yanaikataa. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha uchunguzi uliolinganisha Kichewa na Kivunjo, lahaja ya Kichaga inayosemwa Kilimanjaro. Katika Kichewa, anayetendewa ndiye anayeweza kupanda kwenye kiima. Katika Kivunjo, hata kile chakula kinaweza.

Kitagalogi cha Ufilipino kinazidi hapo. Mwanamume akinunua samaki dukani, kitenzi hubadilika kufuatana na mshiriki anayepewa umbele: bumili akiwa ni mnunuzi, binili akiwa ni samaki, binilhan likiwa ni duka, ipinambili zikiwa ni fedha. Mfumo wa pande mbili, kutenda na kutendwa, haumtoshi mwanasarufi wa lugha hiyo.

Kwa hiyo napendelea tutofautishe istilahi mbili tulizo nazo tayari. Mnyambuliko uwe jina la kuunda maumbo kwa viambishi. Kauli iwe jina la mpangilio wa washiriki. Sababu ni kwamba viwili hivi haviendi pamoja daima. "Chelewa" ina umbo la kutendwa, na asili yake ni "cha", la kupambazuka: mtu aliyekuchewa kabla hajafika. Leo lakini hakuna anayefikiria kupambazuka anapotamka "nimechelewa". Umbo ni la kutendwa, maana si hiyo tena. Kilatini kina vitenzi vya aina hiyo tele, kama sequor, "nafuata", na loquor, "nasema".

Upande wa pili upo pia. "Siafu wameingia nyumba" inaweza kugeuzwa kuwa "Nyumba imeingia siafu". Nyumba imetwaa kiima na kitenzi kinapatana nayo, siafu wamebaki nyuma, na hakuna "w" wala "k" iliyoongezwa. Vivyo hivyo "Kitanda hiki kinalala watu wawili". Orodha ya shule haina mahali pa sentensi hizi, ingawa kila Mswahili anazisema na kila mzungumzaji anahisi kwamba mpangilio umegeuka. Mwalimu anayefundisha kauli kama orodha ya viambishi atazipita bila kuziona. Anayeanza kwa kuuliza kiima ni nani, mtenda ni nani, na kitenzi kimefanya nini kuwapanga hivyo, ataweza kuzifundisha pamoja na "fiwa", na mwanafunzi wake atakuwa tayari kwa louomai na binilhan siku atakapokutana nazo.