Rada ya Old Town Mombasa: Jinsi ya Kuzunguka Msimu wa Joto Bila Kuzima

Msee wa Dallas, Embu, amezoea joto ya aina moja: mchana jua inachoma, jioni hewa inashuka na unatafuta sweta. Mombasa haiko hivyo. Embu iko karibu mita 1,350 juu ya bahari, Old Town iko hapo tu kando ya maji. Kuanzia Januari hadi Machi mchana inagonga nyuzi 32 au 33, na usiku haipoi sana. Kama mbogi yenu imechanga doo ya kushuka Coast, soma hii kwanza.

Kwa nini joto ya Coast inamaliza watu

Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho lazima likauke ndio likusaidie. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, kwa hivyo jasho linabaki limekushika tu. Ndio maana unachoka na mwendo ule ule ambao huko kwenu hauhisi kitu. Kitu inaokoa ni upepo. Miezi hiyo ni ya kaskazi, ule upepo uliokuwa unaleta majahazi kutoka Uarabuni na India. Ukipewa chaguo, tembea upande wa bahari.

Panga siku kama wenyeji

- Asubuhi, saa mbili hivi: Anza na Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593, na UNESCO iliiweka kwa orodha ya Urithi wa Dunia 2011. Uwanja wake uko wazi, na ukiingia saa saba mawe yameshika moto. Zunguka nje kwanza, halafu jua ikipanda ingia makumbusho ndani.
- Saa tano hadi saa tisa: Zama kwa vichochoro. Wazee waliojenga Old Town walijua hii joto: njia nyembamba ndio nyumba zitiane kivuli, kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, roshani za mbao zinazofunika barabara. Pitia Ndia Kuu polepole, kula lunchi, lala kidogo. Ukitaka kuketi kwa baraza ya mtu, salimia na uombe kwanza.
- Saa kumi kwenda mbele: Shuka Mama Ngina Waterfront. Kuna mibuyu, upepo, madafu na mihogo ya pilipili na ndimu, na unaona meli zikipita zikienda Kilindini.

Vaa na unywe hivi

Vaa pamba, nguo pana, rangi nyepesi. Old Town ni mtaa wa Waislamu wengi, so kufunika mabega na magoti ni heshima, na pia ngozi haichomeki. Beba leso: ilowe maji uweke shingoni. Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu ikushike. Madafu na juisi ya ukwaju pia ziko sawa. Ramadhani siku hizi inaangukia Februari au Machi, kwa hivyo mwezi huo kunywa kando, si mbele ya waliofunga.

Pombe mchana inakukausha. Na muguka, ile mali ya kwetu, inaficha uchovu na njaa huku moyo unaenda mbio. Kwa jua ya saa saba hiyo ni ngori. Tena jua Mombasa ni stori moto: Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliipiga marufuku na maneno yakafika kortini.

Beshte akianza kuzima

Kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, kichefuchefu: mwili umeomba poo. Mweke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji au ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, inauzwa kwa chemisti.

Lakini akianza kuongea ovyo, kuanguka, au mwili kuwaka moto, hapo maisha iko hatarini. Usimnyweshe kitu kama hajielewi. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, na mwingine apige 999 au atafute gari ya Coast General. Usingoje apoe ndio muende. Mpoze huku mkienda.