Mihuri Mitano ya Kwihara

Shangazi yangu aliuza kiwanja chake Tabora kupitia wakili, na fedha hazikumfikia zote. Alipodai mchanganuo, aliambiwa mafaili ya ofisi ni siri. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea sheria katika ukoo wetu, akanigeukia: "Mwanangu, siri ya nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwanzoni mwa 1872. Nilitaka kuwaza tu, lakini mahali penyewe pana kesi zake.

Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 1871, Livingstone alirudi Ujiji akiwa amechoka na mgonjwa, akakuta mali yake imeuzwa yote. Ilikuwa yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za ushanga. Aliyekabidhiwa aliitwa Sherif. Alieleza kwamba alipiga ramli kwa Kurani akaona bwana amekufa. Tena alikuwa amemwandikia liwali wa Unyanyembe, yaani hapa Tabora, kwamba watumwa aliowatuma Manyema wamerudi na habari za kifo hicho. Mdhibiti alipata taarifa, ila taarifa ya uongo. Livingstone aliambulia kumwandikia konseli wa Uingereza kule Zanzibar, barua ya kubebwa kwa miguu hadi pwani. Kwenye njia ile ya misafara, wakili alikuwa mtu anayeshika mali ya mwingine kwa niaba yake. Neno ni hilo hilo tunalolitumia leo mahakamani.

Kesi ya pili naipenda zaidi. Stanley alipokaribia kuondoka, Livingstone alimkabidhi shajara yake ikiwa imefungwa kwa mihuri mitano, na juu yake ameandika kwamba isifunguliwe kamwe. Waliagana tarehe 14 Machi 1872. Stanley akaibeba hadi Ulaya.

Kesho yake, tarehe 15 Machi, huko India ilipitishwa Sheria ya Ushahidi ya 1872. Hayo mawili hayahusiani hata kidogo, ila mwanasheria akiona tarehe zimefuatana hivyo hushindwa kunyamaza. Kifungu cha 126 cha sheria hiyo kilimkataza wakili kutoa mazungumzo yake na mteja. Waingereza waliileta Tanganyika mwaka 1920, na tulipotunga Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967, katazo hilo likaingia kama kifungu cha 134.

Kwa miaka mingi nilikisoma kama ukuta wa kumlinda wakili. Pale tembeni nilikifungua tena kwenye simu. Katazo linaanza na sharti: isipokuwa mteja aridhie waziwazi. Halafu linaondoa kabisa mazungumzo ya kutimiza jambo haramu, na ulaghai ambao wakili ameushuhudia tangu apewe kazi. Kwa hiyo muhuri ni wa mteja. Stanley hakuwa na haki ya kuifungua shajara ile, lakini kama Livingstone mwenyewe angeidai, asingeweza kumjibu kwamba imefungwa.

Shangazi ndiye aliyekuwa anadai. Na kuna mahali pa kudaia: Kamati ya Mawakili, iliyo chini ya Sheria ya Mawakili na inayoongozwa na jaji wa Mahakama Kuu. Inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha, hata kuliondoa jina lake kwenye orodha. Wakili anayeitwa mbele yake na kusema "siri ya mteja", huku mteja amekaa kiti cha pili, anajificha nyuma ya mtu anayemshitaki.

Jioni niliandika lalamiko. Shangazi, mwalimu mstaafu, alilisoma na kalamu mkononi. Palipoandikwa "naomba hesabu zangu zionyeshwe" alikata neno la kwanza, akaandika juu yake: "natoa ruhusa". Kisha akaniuliza kama posta bado iko wazi.