Ruhusa ya Kupanda Milima ya Virunga

Msafiri ye yote atakaye kwenda katika nchi ya wenyewe hana budi kutengeneza mambo matatu kabla ya kuondoka: njia, masurufu na ruhusa. Njia huulizwa kwa wanaoijua, masurufu hupimwa kwa siku za mwendo, na ruhusa huombwa kwa mwenye nchi. Katika safari za milima ya Virunga, iliyo mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda, mambo mawili ya kwanza yana maelezo mafupi. La tatu ndilo lenye mapisi marefu. Kwa zaidi ya miaka 100 wageni wameiendea milima hiyo wakiwa na ruhusa za namna mbalimbali, na kila namna yaonyesha ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye mlima katika zama zake.

Milima mikubwa ya safu hiyo ni minane, nayo imesimama katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Karisimbi, wenye kimo cha mita 4,507, ndio mrefu kuliko yote. Mikeno, Bisoke, Sabinyo, Gahinga na Muhabura imelala pamoja nao. Nyiragongo na Nyamulagira, iliyo upande wa Kongo, bado ina moto. Magharibi ya bonde hilo huanza msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, na miteremko ya milima yenyewe imevikwa mianzi na miti ya mlimani iliyofunikwa na kuvu na ukungu. Jina la Virunga latokana na neno la wenyeji lenye maana ya mlima wa moto. Sabinyo hufasiriwa kuwa ni mzee mwenye meno, kwa sababu ya vilele vyake vilivyochongoka, na msemaji wa Kiswahili hapati taabu kulisikia jino ndani ya jina hilo. Muhabura ni mwelekezi, amwonyeshaye njia aliyepotea.

Watu waliotoa majina hayo walikuwa na sheria zao juu ya milima. Katika imani ya kale ya Wanyarwanda, Ryangombe, shujaa aliyeuawa na nyati, alifanya maskani yake katika vilele vya Virunga pamoja na roho za waliomfuata. Roho za wasioingizwa katika ibada yake zilisemwa kuwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Wakulima walilima chini ya msitu, wafugaji wakalisha ng'ombe kwa majira, na Watwa wakawinda na kuchuma asali ndani yake. Hapana aliyekuwa na karatasi, lakini kila mmoja alijua mahali pa kupita, wakati wa kupita, na mzee wa kuulizwa.

Wazungu waliitaja milima hiyo katika vitabu kabla hawajaikanyaga. Mwaka 1861 Speke aliiona kwa mbali kutoka Karagwe, akiwa na msafara uliotoka Unguja chini ya uongozi wa watu kama Sidi Mubarak Bombay, akaiandika kwa jina la Mfumbiro. Jina hilo likasafiri hata Ulaya, na mwaka 1890, Waingereza na Wadachi walipogawana nchi za Afrika ya Mashariki kwa mkataba, mlima Mfumbiro ulitajwa katika maandishi na kuwekwa upande wa Waingereza. Waliotia sahihi hawakuwa na ramani ya kweli ya mahali penyewe. Kwa hiyo ruhusa ya kwanza ya kigeni juu ya Virunga ilitolewa na watu wasiojua kama mlima walioupeana ulikuwa mmoja au mingi.

Mzungu aliyeifikia kwa miguu ni Mdachi Gustav Adolf von Götzen. Msafara wake uliondoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893, ukiwa na mamia ya wapagazi na askari, mizigo ya nguo na shanga, na bunduki. Mwaka 1894 aliingia Rwanda, akaonana na Mwami Kigeri Rwabugiri, akapanda Nyiragongo na kutazama ndani ya shimo la kilele chake, kisha akashuka Ziwa Kivu na kuvuka Kongo hata pwani ya magharibi. Kitabu cha safari kilichukua jina lake yeye. Wapagazi waliobeba chakula, hema na vyombo vya kupimia hawakupata zaidi ya kuhesabiwa, ijapokuwa pasipo mabega yao hapana hatua moja ambayo ingalipigwa. Msafara wenye silaha nyingi namna ile huomba ruhusa kwa sauti ambayo mwenyeji hawezi kuikataa kwa urahisi. Miaka 7 baadaye Götzen alirudi Afrika ya Mashariki akiwa Gavana wa Wadachi, na vita vya Maji Maji vilizuka katika utawala wake. Mwaka 1910 Wadachi, Wabelgiji na Waingereza walikutana Brussels, wakakata safu ya Virunga vipande vitatu. Mipaka ya nchi tatu za leo ni masalio ya kazi hiyo.

Mwaka 1902 Kapteni Robert von Beringe aliwapiga risasi gorila wawili katika mlima Sabinyo, na mwaka uliofuata aina hiyo ikapewa jina lake na mabingwa wa Ulaya. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alikwenda Mikeno kuua gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York. Aliwapata, lakini alirudi na wazo jingine, akawashawishi wakubwa wa Ubelgiji wawalinde waliosalia. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert alitangaza hifadhi iliyoitwa kwa jina lake, nayo ni ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Akeley alirudi mwaka 1926, akafa katika miteremko ya Mikeno, akazikwa huko huko. Mwaka 1929 hifadhi ilipanuliwa, ikashika na upande wa Rwanda.

Hapana shaka kwamba amri ile iliokoa viumbe ambao labda wasingalionekana tena. Lakini ilileta na namna mpya kabisa ya ruhusa. Hifadhi ilifanywa kwanza kwa ajili ya elimu: mwenye barua ya bingwa aliweza kuingia mahali ambapo mtu aliyezaliwa karibu hakuruhusiwa kuokota kuni. Wafugaji na wakulima walihamishwa katika sehemu kadha wa kadha, na aliyefuata njia ya babu yake akahesabiwa mvunja sheria. Chuki iliyopandwa wakati huo haikuondoka pamoja na Wabelgiji, kwa maana serikali huru za baadaye zilirithi mpaka ule ule pamoja na mashtaka yake.

Kongo ilipata uhuru mwaka 1960, Rwanda na Uganda mwaka 1962. Mwaka 1969 upande wa Kongo uliacha jina la mfalme ukaitwa Virunga. Upande wa Rwanda ukawa Hifadhi ya Volkeno, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 maelfu ya hekta yalikatwa kutoka msitu wake ili kulimwa pareto. Dian Fossey, aliyeweka kambi yake ya Karisoke mwaka 1967 kati ya Karisimbi na Bisoke, aliishi akipigana na wawindaji, akauawa kambini mwaka 1985. Hesabu ya mwaka 1981 ilikuta gorila 254 tu katika milima yote ya Virunga.

Hapo ndipo mgeni mwenye fedha alipogeuzwa kuwa mlinzi. Makundi machache ya gorila yalizoezwa kuwaona watu, na kibali cha kuwatazama kikauzwa. Leo watu wasiozidi 8 huruhusiwa kulitazama kundi moja kwa siku, kwa muda wa saa moja, na tangu mwaka 2017 Rwanda hutoza dola 1,500 kwa kila mgeni. Bei hiyo ni kubwa, lakini hesabu ya miaka ya 2015 na 2016 ilipata gorila 604 mahali palipokuwa na 254. Wala haifai kusahau gharama ya upande wa pili. Uganda ilipoifanya Mgahinga kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Watwa walitolewa katika msitu uliokuwa nyumba, ghala na dawa yao, na wengi wao wakawa watu wasio na ardhi. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutenga asilimia 5 ya mapato ya hifadhi zake kwa vijiji vya jirani, na mwaka 2017 ikaifanya asilimia 10. Hiyo ni njia ya kukiri kwamba mlima una wenyewe, ijapokuwa sehemu tisa katika kumi bado huenda kwingine.

Lakini zipo safari ambazo hapana serikali iwezayo kuzitolea kibali. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa ndani ya Nyiragongo lilipasua ubavu wa mlima, likamwagika kwa kasi ambayo watu wengi hawakuweza kuikimbia. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, hutiririka kama maji. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma hata ikaingia Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena usiku, ikasimama ukingoni mwa mji baada ya kuteketeza vijiji. Wakazi wa Goma, ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya sokoni na ya nyumbani, wana neno la hatari nyingine isiyo na moshi wala sauti: mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni itokayo ardhini na kukaa katika mabonde, ambayo humwua mtu au mbuzi alalaye hapo. Mabingwa wa volkeno wamelichukua neno hilo kama lilivyo katika maandishi yao, kwa kuwa wenyeji ndio walioijua hatari kwanza.

Vita navyo vimefunga milango ambayo moto haukuifunga. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipiga kambi kwa mamia ya maelfu karibu na Goma, na msitu ukakatwa ili wapate kupika. Tangu hifadhi ilipoanza, zaidi ya askari 200 wa Virunga wameuawa kazini. 12 kati yao walikufa siku moja, mwezi Aprili 2020. Mwaka 2018 wageni walitekwa na askari mmoja akauawa, hifadhi ikafungwa kwa miezi. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma wenyewe ulitekwa na waasi wa M23.

Basi atakaye kusafiri Virunga leo huchagua mlango kabla ya kuchagua mlima. Mlango wa Rwanda ni Kinigi, wa Uganda ni Kisoro, na wa Kongo ni Goma, ambao haufai kuendewa pasipo habari mpya na za hakika. Miezi ya Juni hata Septemba, na Desemba hata Februari, mvua hupungua na njia hukanyagika. Kibali hununuliwa mapema, maana nafasi za siku ni chache. Tena nguo za baridi zahitajiwa, ijapokuwa Ikweta i karibu, kwa sababu usiku wa juu milimani ni mkali.

Hayo yote huandikwa katika karatasi ya matayarisho. Lisiloandikwa ni kwamba mpagazi achukuaye mzigo wa mgeni huenda ni mjukuu wa mtu aliyehamishwa, na kwamba njia apandayo ilikuwa njia ya asali na ng'ombe kabla ya kuwa njia ya watalii. Mgeni ajuaye hilo atalipa kibali dirishani kama wengine, kisha atamwuliza mwenyeji wake jina la mlima na maana yake, naye atasubiri jibu. Katika nchi ile ndivyo ruhusa ilivyoombwa tangu kale.